Kilo Tatu Zisizo na Mwenyewe

Nyumba tunayopanga Mbagala Charambe ina vyumba sita, familia nne na choo kimoja. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja akiandikiwa dawa ya kutoa maji mwilini, nyumba nzima imeandikiwa. Kidonge cha Lasix kikimezwa saa kumi na mbili asubuhi, saa moja haijagonga kimeshaanza kudai chake, na kitaendelea kudai hadi karibu na adhuhuri. Saa hizo hizo ndizo mpangaji wa chumba cha mbele anajiandaa kuwahi bandarini, wanafunzi wanagombea kopo, na mama wa maandazi anataka kuoga kabla hajabandika karai lake barazani. Wifi yangu alikuwa akijitokeza mlangoni ameshika kanga kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine, foleni inampisha. Mwanzoni walimpisha kwa huruma. Huruma ilipoanza kupungua, mume wangu alichukua kipande cha mkaa akaandika kwenye mlango wa choo: MGONJWA KWANZA. Mpangaji wa bandarini akaongeza chini yake: NA KODI IPUNGUZWE.

Wifi ni fundi cherehani, kitinda mimba wa Mama Mkwe. Kilichomtoa Kibiti na kumleta kwetu ni miguu. Kwanza kandambili zilimbana, halafu pedali ya cherehani ikawa nzito, halafu vifundo vya miguu vikapotea kabisa. Ukibonyeza muundi wake kwa dole gumba kisha ukaondoa, shimo lilibaki pale, na ungeweza kuhesabu taratibu hadi ishirini kabla halijajaa. Usiku alilala amekaa, mito mitatu mgongoni na furushi la vitambaa vya wateja juu yake, kwa sababu akijilaza tu pumzi zinakata na kikohozi kinaanza. Kibiti walisema ni baridi yabisi, wengine wakasema ni mimba, wengine wakasema amerushiwa kitu na mke mwenza wa mteja.

Kipimo cha eko ya moyo ndicho kilichomaliza ubishi. Valvu ya mitrali, ile inayopitisha damu upande wa kushoto wa moyo kutoka chumba cha juu kwenda cha chini, ilikuwa imekakamaa na kubakiza upenyo mdogo. Ilihitaji kubadilishwa. Lakini daktari hakutaja tarehe ya upasuaji. Alitazama tumbo lililovimba, akatazama miguu, akasema kwanza maji yatoke.

Mume wangu ni fundi wa pampu za visima, na siku ile alikuwa mtu pekee katika ukoo aliyeelewa bila kurudiwa. Jioni alitukusanya uani, akatoa kwenye mkoba wake ile valvu ya shaba inayofungwa kwenye bomba ili maji yakishapanda yasirudi kisimani. Akaiziba nusu kwa kidole. "Hapa pakiziba, pampu inasukuma, lakini maji yanakwama nyuma. Bomba la nyuma linajaa, linavuja kwenye kila kiungo." Ndivyo ilivyokuwa kwa Wifi: damu iliyokosa njia ilirudi kwenye mapafu, ndicho kikohozi cha usiku, kutoka mapafuni ikauelemea upande wa kulia wa moyo, kisha ini, tumbo na miguu. Figo nazo, zikiona damu inafika kidogo kidogo, hudhani mwili umekauka, zinaanza kuweka akiba ya chumvi. Na chumvi haikai peke yake, hukaa na maji.

Mama Mkwe alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akauliza, "Sasa wewe na daktari nani fundi?" Nilimtetea mume wangu kwa jambo nililolisoma. Valvu ya bandia ya kwanza kufanya kazi vizuri mahali pa ile ya mitrali ilibuniwa na mtu wa kazi kama yake. Mwaka 1958 mhandisi mstaafu wa Marekani, Lowell Edwards, aliyezoea mitambo ya maji na pampu za mafuta, alimfuata daktari kijana wa upasuaji huko Oregon, Albert Starr, akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamwambia waanze na valvu. Mwaka 1960 kijitufe chao kilichofungiwa ndani ya kizimba kiliwekwa kwenye moyo wa mtu, kikafanya kazi. Mume wangu alivimba kichwa kwa siku kadhaa, na uvimbe huo haukuwa na kidonge.

Kwa nini maji yatoke kwanza? Kwa sababu mgonjwa wa upasuaji lazima aweze kulala chali. Mapafu yaliyojaa maji hayaachani vizuri na mashine ya kupumulia baada ya kazi. Na ini lililovimba hushindwa kutengeneza sawasawa vitu vya kugandisha damu, jambo usilolitaka kwa mtu atakayefunguliwa kifua. Tulipewa basi sheria nne kwenye kikaratasi. Vinywaji vyote visizidi lita moja na nusu kwa siku. Chumvi iondoke, na hata kwa mtu mzima asiyeumwa Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo kwa Wifi ni chini ya hapo. Apimwe uzito kila asubuhi. Na uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, msisubiri siku ya kliniki, njooni.

Sheria ya maji ilianza kwa vituko. Sisi ni watu tunaoishi kwa kuyawinda maji: bomba likitoka usiku wa manane tunaamshana, tunajaza ndoo, madumu, sufuria na beseni la kufulia. Mtoto wa Charambe hufundishwa kwamba maji hayakataliwi. Ghafla yupo mtu ndani ya nyumba ambaye maji yake yanahesabiwa. Nilitafuta chupa ya lita moja na nusu, nikaijaza kila asubuhi na kuiweka juu ya kabati. Wifi akinywa kikombe cha chai, ninamimina kiasi hicho kutoka kwenye chupa na kukitia kwenye mtungi wa kupikia. Akinywa uji, namimina. Akinywa supu, namimina. Chupa ikiisha, duka limefungwa.

Saa nane mchana wa Januari, bati likitema moto, duka likishafungwa, ndipo utakapomjua mgonjwa wako. Wifi alisukutua mdomo na kutema. Alimung'unya kipande cha limau. Aligundua kwamba kikombe kidogo cha kahawa humdanganya mtu kuliko bilauri kubwa isiyojaa. Watoto walimletea barafu za kufunga kwenye mifuko kutoka kwa jirani mwenye friji, wakiamini kwamba barafu si maji kwa kuwa haimwagiki. Nilitia moja kwenye kikombe, nikaiacha iyeyuke mbele yao. Shauri likaisha. Tikiti maji halikuhitaji shauri, jina lake lilijishtaki.

Mizani ndiyo iliyotutoa jasho. Mume wangu aliinunua Kariakoo, ya mtumba, ile ya kukanyaga yenye mshale. Siku ya kwanza ilisema kilo 63 karibu na mlango na 60 karibu na kitanda. Sakafu yetu ina mabonde, na mizani hutaka mahali pagumu palipo sawa. Tukaihamishia barazani kwenye zege, ikatulia kwenye 63, lakini kwa usalama wake hilo lilikuwa kosa kubwa. Mama wa maandazi alijipima. Wateja wake wakajipima. Watoto walipanda wawili wawili wajue kama wameshiba. Vijana wa bodaboda waliwekeana dau. Jumamosi moja mshale uligoma kurudi kwenye sifuri, ukabaki kwenye 9, na mwenye mizani za barabarani pale Rangi Tatu, zile zinazoita watu kwa kipaza sauti waje wapime uzito na urefu, akatuambia springi imekufa.

Kwa muda, basi, Wifi alipimwa dukani kwa mwuza nafaka. Mzani wake ulikuwa wa magunia, lakini ulikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, sifa ambayo haikuwahi kuwapo kwenye ule wetu. Alfajiri, akiwa ameshakojoa na hajala, amevaa kanga zile zile za jana, Wifi alipanda mahali palipotoka kushushwa gunia la mahindi. Kijana wa duka, kwa mazoea ya kazi, akapaza sauti mtaa mzima usikie, "Hamsini na nane!" Wifi akamjibu, "Andika na bei."

Hamsini na nane ilikuwa habari njema. Zilikuwa zimetoka kilo tano, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, nyumba nzima ilijisifu kwamba imetoa dumu la lita tano mwilini mwa mtu. Cherehani ilianza kulia tena, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Daktari alikuwa ametaka afike kwenye 55. Tuliona mlango.

Kisha ikasoma 59. Kesho yake 60. Siku ya tatu, 61.

Kilo tatu, na hakuna aliyekubali kuwa zake. Chumvi haikuwepo jikoni, niliifungia kwenye sanduku la nguo. Chupa ya maji ilikuwa inaisha jioni kama kawaida. Tulienda hospitali asubuhi ile ile. Daktari aliyasikiliza mapafu yake kwa kifaa chake, akasema maneno niliyoyabeba mpaka nyumbani: dawa haijashindwa, kuna kitu kinapigana nayo. Alilazwa siku chache akatolewa maji kwa sindano ya mshipa, maana tumbo likishajaa utumbo nao huvimba, na kidonge kinachopita kwenye utumbo uliovimba hufika kwenye damu kwa kuchelewa na kwa udhaifu. Sisi tulirudishwa nyumbani kutafuta mhalifu.

Nilifungua daftari la shule, nikalipiga mstari katikati. Kushoto uzito, kulia kila kilichopita mdomoni na aliyekileta. Daftari hilo lilinifundisha kwamba wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na mgonjwa wa moyo. Wageni wetu walikuja na soda. Walikuja na juisi ya maboksi. Walikuja na uji wa mgonjwa kwenye chupa ya chai, lita mbili, na walikaa mpaka waone anakunywa. Shangazi alikuja na chumvi ya dukani aliyoambiwa ni ya wagonjwa, haina madhara. Mfamasia niliyemwonyesha alisoma pakiti, akaniambia niirudishe: ndani yake mlikuwa na potasiamu, na Wifi alikuwa anameza pia spironolaktoni, dawa inayozuia potasiamu isitoke. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama. Mume wangu, aliposikia hayo, aliinuka kimya akaenda kutupa makufuu ya madafu yaliyokuwa yamerundikwa nyuma ya choo. Yeye na dada yake walikuwa na mkataba wa siri wa jioni. Dafu moja kubwa hufika karibu robo ya mgao wake wa maji, na potasiamu yake ni ya kutosha.

Mshitakiwa wa tatu alikuwa Mjomba. Alimwonea huruma mpwa wake kwa maumivu ya miguu iliyovimba, akampitishia dukani vidonge vya diklofenaki, vile anavyomeza yeye kwa magoti. Nia njema kabisa. Lakini dawa za maumivu za jamii hiyo, na ibuprofeni pamoja nazo, huziamuru figo zishike chumvi na maji, na huivunja nguvu Lasix. Yaani Wifi alikuwa akimeza asubuhi kidonge cha kufungua bomba, na usiku kidonge cha kulifunga.

Wa nne alitoka Mkuranga na dumu la mizizi iliyochemshwa. Watu wa kizazi chetu tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu. Basi angalau kile kilikuwa kikombe. Huyu alitaka lita tano ziishe kabla ya Ijumaa. Wifi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwuliza, "Babu, dawa ya kutoa maji mbona inaingia kwa dumu?" Mzee hakurudi.

Tulipowaondoa hao wote, na Wifi akarudi kutoka wodini na kilo zake 57, nilitegemea mshuko. Daftari likakataa. Zilishuka siku mbili, zikapanda moja, zikashuka, zikapanda. Nilisoma ule upande wa kulia mpaka macho yakauma, na hapo nikaona: siku ya maharage, kesho yake uzito unapanda. Siku ya kisamvu, kesho yake uzito unapanda.

Maharage na kisamvu vilikuwa milki ya Mama Mkwe.

Huwezi kumshitaki mama wa mumeo kwa daftari. Nilijipa kazi ya kuchagua mchele karibu na jiko lake la mkaa. Maharage yalipoanza kuchemka, Mama Mkwe alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa kijiwe cheupe chenye vumbi la kijivu, akakivunja kwa meno ya mbele, nusu akatupia chunguni, nusu akairudisha fundoni. Povu likapanda, maharage yakaanza kulainika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na sikuwahi kuuona msemo ukitimia kwa uhalisia wa namna ile.

"Mama," nilisema kwa sauti ya chini kabisa, "hayo magadi."

"Magadi ndiyo. Mkaa unauzwa bei gani, mwanangu? Bila magadi maharage haya yataiva Iddi."

"Mama, magadi ni chumvi."

Akaniangalia kwa huruma. "Chumvi nimeacha tangu siku niliyoambiwa. Daktari alikataza chumvi. Magadi alikutajia?"

Hakutaja. Hapo Mama Mkwe alikuwa na haki, na ndiyo haki iliyonifumbua macho. Kinachoshika maji mwilini ni sodiamu, na sodiamu haikai kwenye pakiti ya chumvi peke yake. Imo kwenye magadi. Imo kwenye unga wa mchuzi wa pakiti, kwenye mkate, kwenye achari, kwenye soseji, kwenye dawa za kiungulia zinazotoa povu. Imo tele kwenye ng'onda na kwenye kambale wakavu wa Rufiji ambao Mama Mkwe aliwaleta na basi kama zawadi. Imo hata, kwa kiasi chake, kwenye maji ya visima vingi vya huku kwetu, yale tunayoyaita maji chumvi na kuyanunua kwa bei ya chini wakati bomba limekauka. Sheria yetu ilikuwa imemfungia mlango mwizi mmoja kwa jina lake, na ndugu zake wote wakaingia kwa majina mengine.

Na waliowafungulia mlango walikuwa wapenzi wa mgonjwa. Katika daftari lile sikumkuta adui hata mmoja. Kila kilo iliingia mkononi mwa mtu aliyempenda Wifi: kaka na madafu, mjomba na vidonge, shangazi na chumvi ya wagonjwa, mama na magadi ya kumlainishia mtoto chakula. Kwetu mapenzi hupimwa kwa sahani, na mtu asiyekula wala kunywa tunamwona ameshaanza kutuaga. Mgonjwa wa moyo aliyejaa maji ndiye anayetaka tupende kwa namna ya pili, ya kunyima, na hiyo hakuna aliyetulea kwayo.

Kikao kilifanyika uani baada ya Isha. Hakukuwa na hukumu, mume wangu aliendesha shauri kwa hekima ya mtu ambaye makufuu yake yalikuwa bado yanakumbukwa. Sheria mpya zikapitishwa. Maharage yatalowekwa usiku kucha, yataiva bila magadi. Mchuzi utapata ladha kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na tui. Maji ya kumpikia Wifi yatakuwa ya bomba, na siku bomba likigoma tutanunua maji baridi. Kambale watapewa mpangaji wa bandarini kama fidia ya choo. Mgeni akiuliza alete nini, ajibiwe: leta mazungumzo. Na nyumba nzima itakula chungu kimoja kisicho na chumvi wala ndugu zake, atakayetaka kuongeza aongeze kwenye sahani yake, asimwonyeshe mgonjwa.

Chakula cha wiki ya kwanza kilikuwa msiba. Watoto walikula wakitazamana. Baadaye ulimi ulizoea, na mama wa maandazi, ambaye presha yake ilikuwa inasumbua siku nyingi, akaomba kuchangia mkaa na kula chungu kimoja nasi.

Siku za kliniki zilikuwa na kisa chao. Kutoka Rangi Tatu hadi Kariakoo, foleni ya Barabara ya Kilwa haijali kidonge ulichomeza. Asubuhi moja Lasix ilianza kazi pale Mtongani, na daladala likiwa limejaa hadi mlangoni. Wifi alivumilia hadi Kwa Azizi Ally, akamgonga kondakta begani akamwambia maneno mawili sikioni. Kijana yule alipiga bati, gari likasimama mahali pasipo na kituo, akatangaza, "Abiria wangu mgonjwa anashuka, atakayenuna anunie nyumbani." Walimsubiri! Daktari alipoelezwa alicheka, akasema siku ya safari hakuna ubaya kidonge kikachelewa kidogo, akimeze akishafika penye choo, mradi asikiruke. Tungeliuliza mapema tusingemjua kondakta mwungwana.

Safari yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya kushukuru. Wazee wa mtaa wanakumbuka enzi ambapo mwenye valvu mbovu alisubiri rufaa ya India, na wengi walisubiri tu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapo hapo Upanga. Kwa mtu wa Charambe tofauti ya Bombay na Barabara ya Kilwa si ndogo, hata ikiwa na foleni.

Mizani mpya ilipochelewa kununuliwa, Wifi alileta kipimo chake mwenyewe: futi ya kushonea. Kila Ijumaa, kabla ya chai, alijizungushia tumboni usawa wa kitovu, akasoma sentimita kwa sauti, nami nikaandika. Fundi hajidanganyi kwenye kiuno. Namba zilishuka, sketi zake zikaanza kumteleza, mito ikatoka mmoja mmoja. Siku aliyolala na mto mmoja hadi alfajiri, Mama Mkwe aliamka mara kwa mara kumsikiliza kama anapumua, mpaka Wifi akamwambia, "Mama, sasa kikohozi changu ni wewe." Maji yalipotoka tuliona pia kilichokuwa chini yake: mabega yamekwisha, mikono imekuwa miembamba. Uvimbe ulikuwa umeficha njaa. Daktari akasema ale mayai, samaki wabichi, maharage yake yale yasiyo na magadi, apate nyama ya kuponea kidonda.

Kilo 55 zilipotimia, mambo yalikwenda haraka. Meno yalikaguliwa na moja likang'olewa, kwa kuwa jino bovu linaweza kupeleka vijidudu kwenye valvu mpya. Ndugu walitakiwa kuchangia damu, na kondakta wetu, aliyesikia habari kutoka kwa mume wangu, alifika na utingo wake. Wifi aliketi na daktari kuzungumza aina ya valvu. Ya chuma hudumu miaka mingi, lakini hutaka kumeza wafarini maisha yote, nayo haipatani na mimba. Ya tishu haidai wafarini ya maisha, lakini kwa kijana huchakaa mapema na huenda akafunguliwa tena. Hakutuuliza maoni. Ukoo ulioshindwa kukubaliana kuhusu maharage, alisema, hauwezi kupewa valvu.

Tarehe ilikuwa imeshaandikwa, tunapanga nani atabaki na watoto, binti yangu wa darasa la pili akarudi shule na homa. Koo linauma, hana mafua wala kikohozi, mate hayamezeki. Mama Mkwe alimfunua mdomo kuelekea mwanga wa mlango, akatoa dawa ya miaka yote: "Chukueni maji ya uvuguvugu, tieni chumvi, asukutue."

Wifi aliacha cherehani. Alisema yeye alisukutua hivyo hivyo Kibiti, akiwa na umri kama wa huyu. Koo likapoa. Wiki chache baadaye goti likavimba, likapona, kikavimba kiwiko, kikapona, na wakubwa wakasema mtoto anakua. Daktari alikuwa amemweleza kliniki kwamba safari ya valvu yake ilianzia pale: vijidudu vya koo, kisha homa ya baridi yabisi, kisha miaka ya moyo kukwaruzwa kimyakimya. Chumvi ya kusukutua hulituliza koo, lakini haiwaui wale vijidudu. Penisilini ndiyo inayowaua, na hupatikana hata kwenye zahanati ya kata. Wifi mwenyewe sasa huchomwa sindano yake kila baada ya wiki nne, makalioni, inayouma, ili koo lisije likamrudia.

Mama Mkwe hakujibu neno. Alijifunga kanga, akambeba mjukuu mgongoni ingawa ana miguu yake, akatangulia njiani nami nikimfuata nyuma. Zahanatini muuguzi aliuliza shida ni nini, akiwa ameshashika kalamu.

"Koo," alisema Mama Mkwe, akavuta benchi akakaa. "Mtazameni vizuri, maana hatuondoki hapa na Panadol."